Mwana Asiye na Baba

Katika fasihi za mataifa mengi hakuna mdudu aliyesifiwa kama nyuki, na katika jamii hiyo hiyo ya nyuki hakuna aliyetukanwa kama dume. Nyuki mfanyakazi ni sitiari ya bidii, malkia ni sitiari ya enzi, naye dume ni jazanda ya uvivu, ulafi na unyonyaji. Hesiod, mshairi wa Kiyunani aliyeishi takriban miaka 2,700 iliyopita, aliwafananisha wanawake na nyuki madume wanaoketi mzingani wakila jasho la wenzao. Kejeli iliyoje! Hao wenzao wanaotokwa jasho ndio wa kike, ila mshairi hakulijua hilo. Plato naye alimtumia dume kuwa mfano wa raia mzembe anayeiozesha dola kutoka ndani. Waingereza wamemwita mtu mvivu kwa jina la nyuki huyo kwa karne kadhaa, na jina hilo hilo ndilo lililokuja kupewa ndege isiyo na rubani, ile ambayo magazeti ya Kiswahili siku hizi huiita droni.

Kiswahili kwa upande wake hakikumtukana sana. Kilimpuuza tu. Huitwa nyuki dume, basi, kama kwamba hakustahiki hata jina la peke yake. Methali inayojulikana na kila mtoto wa shule, "Fuata nyuki ule asali", humlenga mfanyakazi. Anayemfuata dume hali asali ng'o. Atapelekwa mahali pasipo na ua wala sega, juu angani, ambako madume kwa maelfu huzunguka yakimsubiri malkia ambaye huenda asitokee.

Kwa kipimo cha jembe na kapu, dume ni mzigo kweli. Hana mwiba wa kuulinda mzinga, miguu yake haina vikapu vya kubebea chavua, hana tezi za kutolea nta, na ulimi wake ni mfupi mno kwa maua mengi. Anachojaliwa ni mwili mnene, mabawa yenye nguvu na macho makubwa ajabu yanayokutana utosini. Macho hayo hayakuumbwa kwa ajili ya maua. Yaliumbwa kwa ajili ya kuona kitu kimoja kidogo cheusi kikipita kwa kasi katika mwangaza wa mbingu, nacho ni malkia. Kwa hivyo anayetaka kumhukumu dume kwa haki hana budi kumhukumu kwa kazi aliyoumbiwa, yaani uzazi. Na katika uzazi madume hayalingani hata kidogo.

Ilichukua muda mrefu mno wanadamu kutambua nani ni nani ndani ya mzinga. Virgil, mshairi wa Kirumi, alimwimba mtawala wa nyuki kama mfalme, si malkia. Mnamo 1609 Mwingereza Charles Butler alichapisha kitabu akisisitiza kuwa dola ya nyuki ni dola ya kike, na baadaye katika karne hiyo hiyo Mholanzi Jan Swammerdam alimpasua huyo aliyedhaniwa mfalme akazikuta ovari tumboni mwake. Fumbo la dume, hata hivyo, lilibaki hadi 1845. Mwaka huo Johann Dzierzon, padri wa Kikatoliki na mfugaji nyuki wa Silesia, eneo ambalo leo kwa sehemu kubwa liko Poland, alitoa kauli iliyowakera wengi: kwamba nyuki dume hutokana na yai lisilorutubishwa. Malkia akilitia yai mbegu ya kiume, huzaliwa jike. Akilinyima, huzaliwa dume. Padri ndiye aliyewatangazia watu kuwa kuna mwana anayezaliwa pasi na baba. Si ajabu kwamba hakueleweka upesi.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atalitambua jambo hili mara moja kuwa ni kitendawili kilichojiunda chenyewe. Kitendawili! Tega! Nina babu lakini sina baba. Nina mabinti lakini sina mwana wa kiume. Na bado nina wajukuu wa kiume. Jibu ni nyuki dume. Mama yake ana baba, kwa hivyo babu yupo. Mbegu zake hurutubisha mayai, na kila yai lililorutubishwa huwa jike, kwa hivyo hawezi katu kupata mwana wa kiume. Lakini binti yake akiwa malkia atazaa madume, na hao ni wajukuu wake. Anayependa hesabu na ahesabu nasaba yake akirudi nyuma: mzazi mmoja, wazazi wawili wa mzazi huyo, kisha watatu, watano, wanane. Hakuna msimulizi wa hekaya aliyewahi kubuni ukoo wa namna hiyo, na kama angeubuni, wahakiki wangemwambia amezidisha chumvi.

Hapa ndipo jenetiki inapoingia, na ndipo matusi ya washairi yanapoanza kupwaya. Malkia na wafanyakazi wana kromosomu 32, jozi 16, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Dume ana 16 tu, zote za mama. Tofauti hiyo yaweza kuonekana kuwa ya kitakwimu tu, lakini ndiyo inayobeba kisa chote. Kiumbe mwenye jozi akirithi jeni mbovu kutoka upande mmoja, aghalabu jeni nzima ya upande wa pili humsitiri. Dume hana pacha wa kumsitiri. Kila alichorithi, kizuri au kibaya, huonekana mwilini mwake. Wahenga waliponena kuwa mficha uchi hazai hawakuwa wakimfikiria mdudu huyu, lakini usemi huo unamkaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Mwenye kasoro ya mabawa hatamfikia malkia, na mwenye kasoro ya mbegu hata akimfikia hataacha kizazi. Madume, kwa maneno mengine, ni chujio ambalo kwalo urithi wa mzinga mzima hupita.

Jambo la pili ni la ajabu zaidi. Kwa kuwa dume ana seti moja tu, mbegu zake zote ni nakala za urithi ule ule. Dume mmoja mzima huweza kubeba mbegu zipatazo milioni 10, na hakuna tofauti ya kawaida ya kijeni kati ya moja na nyingine. Yeye mwenyewe ni kama yai la mama lililoota mabawa likaruka kwenda kuoa.

Je, madume hutofautiana kwa kiasi gani? Sana. Hutofautiana kwa ukubwa wa mwili, kwa wingi wa shahawa, kwa idadi ya mbegu na kwa kiwango cha mbegu zilizo hai. Watafiti nchini Australia waliolinganisha koo mbalimbali za nyuki wa kufugwa waliona kwamba koo hazikufanana: madume ya ukoo mmoja yalitoa shahawa kwa wepesi, ilhali ya ukoo mwingine, ingawa yalikuwa na umri ule ule na yalitunzwa vivyo hivyo, mengi hayakutoa chochote. Umri nao una neno lake. Dume huchukua siku 24 tangu yai kutagwa hadi kutoka seli yake, siku 8 zaidi ya malkia, na baada ya hapo huhitaji siku kama 12 kabla ya kukomaa. Kabla ya wakati huo hata dume wa ukoo bora ni mvulana tu.

Hata hivyo, ni kosa kuidhania kila tofauti kuwa ya damu. Malkia wakati mwingine hutaga mayai ya kiume katika seli ndogo za wafanyakazi, na madume yanayolelewa humo huwa madogo. Wanasayansi wa Ujerumani walipoyapima mwaka 2003 waliyakuta na mbegu takriban milioni 7.5, huku ndugu zao waliolelewa katika seli pana wakiwa na karibu milioni 12. Ndugu hao ni wa mama mmoja, ila vyumba vya malezi ni tofauti. Sumu nazo huingilia. Utafiti uliofanywa Uswisi na kuchapishwa 2016 ulionyesha kwamba madume yaliyolelewa na makundi yaliyolishwa viuadudu vya jamii ya neonikotinoidi yalikuwa na mbegu hai pungufu kwa asilimia 39. Yalikuwa madume yenye afya kwa kuyatazama na yaliruka kama mengine. Mfugaji asiye na darubini hangejua lolote, ila miezi kadhaa baadaye angeshangaa kwa nini malkia wake mchanga amekwisha kabla ya siku zake.

Kwani malkia haolewi kila mwaka. Akiwa na siku chache tu za uhai hutoka alasiri yenye jua, huenda mahali pale angani pa mikutano ya madume, na katika safari moja au chache hujamiiana na madume kumi na mawili au zaidi. Kila dume hufa papo hapo. Viungo vyake vya uzazi hupinduka nje kwa kishindo, mwili hupooza, naye huanguka chini akiwa maiti. Malkia hurudi nyumbani na shehena kubwa, lakini sehemu ndogo tu, mbegu kama milioni 5, ndiyo inayowekwa katika kifuko chake. Akiba hiyo ndiyo atakayoitumia hadi kufa kwake, miaka miwili au mitatu baadaye. Asili ya mabwana hao haijulikani hata na majirani. Katika uchunguzi mmoja uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa 1998, madume yaliyonaswa katika mkutano mmoja wa angani yalikadiriwa kutoka katika makundi 240.

Mahali hapo pa wazi pasipo na mwenyewe palimshinda hata Gregor Mendel. Watu humkumbuka kwa njegere zake, lakini mtawa huyo wa Brno alifuga nyuki pia, akaagiza aina mbalimbali na kujaribu kuzichanganya kwa mpango. Njegere zilimtii kwa sababu ua la mnjegere halina mabawa. Malkia walikataa kuolewa kizuizini, na wakiachwa waruke walirudi na mimba za madume ambayo Mendel hakuyachagua. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1920, Lloyd Watson alipofanikiwa nchini Marekani kumpandikiza malkia mbegu kwa ala ndogo chini ya darubini.

Kwa nini malkia awe na waume wengi hivyo? Jibu moja liko katika jeni iliyotambuliwa na Martin Beye na wenzake mwaka 2003. Jeni hiyo ina sura nyingi. Mdudu mwenye sura mbili tofauti huwa jike. Mwenye sura moja tu huwa dume. Taabu huanza malkia anapojamiiana na dume wa ukoo wake mwenyewe, kwa maana baadhi ya mayai yaliyorutubishwa hupata sura mbili zinazofanana, na hapo huzaliwa dume mwenye kromosomu 32, dume ambaye kwa mara hii ana baba. Mwanasayansi wa Poland, Jerzy Woyke, alidhihirisha mwaka 1963 kuwa majana wa namna hiyo hawafi wenyewe. Wafanyakazi huwala saa chache baada ya kuanguliwa. Woyke aliwaokoa wengine akawalea kwa mkono, na walipokua walionekana kuwa na korodani ndogo na mbegu zisizofaa. Mzinga uliooana kindugu hujulikana kwa masega yake yenye mapengo, seli moja ina jana na inayofuata ni tupu. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zina miiko mikali kuhusu ndoa za jamaa wa karibu, na inavutia kwamba nyuki, asiyejua mwiko, huutekeleza kwa meno.

Lakini nguvu ya madume haikuonekana wazi popote kama ilivyoonekana Brazil. Mwaka 1956 mwanajenetiki Warwick Kerr alisafirisha malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, akitarajia kupata nyuki watakaoistahimili joto la nchi yake kuliko wale wa Kizungu. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na mji wa Rio Claro. Makundi 26 tu katika bara zima! Hata hivyo, kufikia 1990 kizazi chao kilikuwa kimevuka mpaka wa Mexico na kuingia Texas. Hayo hayakufanywa na makundi yaliyohama peke yake. Madume ya asili ya Afrika yaliwaoa malkia wa Kizungu angani, na zaidi ya hayo yaliingia katika mizinga ya Kizungu yakakaribishwa na kulishwa kama wana wa nyumbani; mizinga hiyo nayo ikapunguza kuzaa madume yake yenyewe. Thomas Rinderer na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka 1985 na kuliita unyonyaji wa kiume. Dume mvivu wa washairi aliliteka bara bila mwiba.

Habari hizo za mbali zina uzito wake hata nyumbani. Mzee mmoja wa Kitui, mwenye myatu thelathini hivi (mwatu ndilo jina la Wakamba la mzinga wa gogo), aliwahi kulipa fidia baada ya nyuki wake kumuua punda wa jirani. Mwanawe, mfanyabiashara wa Nairobi, alifika nyumbani na shauri: wauzwe ng'ombe wawili, waagizwe malkia wa Kizungu ambao ni wapole.

"Baba, nyuki hawa watatufilisi," alisema. "Wa wenzetu huguswa kwa mikono mitupu."

Mzee alikwisha kukubali moyoni. Aliyemzuia ni mjukuu wake, msichana aliyekuwa akisomea zoolojia chuoni na aliyekuwa akisikiliza huku akimenya ndizi.

"Babu, malkia utawanunua. Na waume zao je?"

"Waume gani tena, mjukuu wangu? Hujaolewa unanifundisha habari za waume?"

Msichana alicheka, kisha akachora ardhini kwa kijiti. Malkia wa kwanza angekuja akiwa na mbegu za kwao, na kwa muda mzinga ungekuwa mpole. Siku moja angezeeka au angeondoka na kundi. Binti yake angeruka kwenda kuolewa, na angani Kitui hakuna dume hata mmoja wa Kizungu. Wafanyakazi wa binti huyo wangekuwa nusu Kitui. Wa mjukuu, robo tatu. Ng'ombe wawili wangekuwa wamenunua upole wa mwaka mmoja au miwili, na pengine maradhi yasiyojulikana huku.

Baba yake aliuliza kama haiwezekani kuyaua madume ya hapo.

"Ya kwenye miti yote, Baba? Na ya msituni?"

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Mwishowe mzee aliihamisha mizinga kumi iliyokuwa karibu na njia, akaipeleka kilimani, na ng'ombe wakabaki. Jirani hakuridhika, na hadi leo hupita mbali na boma lile. Msichana alimwomba babu yake jambo moja zaidi, kwamba asiyakate masega ya madume na kuyatupa kama alivyozoea kila msimu. Mzee alimwuliza, "Na asali wanayoila nitalipwa na nani?" Swali hilo ni la haki, na msichana hakuwa na jibu la kuridhisha. Faida ya dume mwema huvunwa na mzinga wa jirani zaidi ya ule uliomlisha.

Kenya inacho ambacho wafugaji wa kwingine wamekipoteza: nyuki wengi wasio na mwenyewe. F. G. Smith alipowaeleza nyuki wa Afrika mwaka 1961 aliwatenga wale wa pwani na wale weusi wa milimani, mbali na wale wa nyika. Nyuki wa milimani wamewavutia wageni. Mnamo 1989 wafugaji kutoka Sweden walifika Mlima Elgon kuwatafuta, na urithi waliouchukua ukachanganywa na wa nyuki wao hadi ukapatikana ukoo unaoitwa nyuki wa Elgon huko huko Ulaya. Mwaka 2017 watafiti waliosoma jenomu za nyuki wa milima na nyanda za Kenya waligundua kwamba karibu kila kitu kinafanana, isipokuwa vipande viwili vikubwa vya kromosomu vinavyowatofautisha wa juu na wa chini. Sehemu nyingine zote za urithi zinaendelea kuchanganyika, na ni rahisi kumtambua mchanganyaji. Yeye ndiye arukaye kila alasiri kwenda kuonana na malkia wa watu wengine.

Ukame unapoingia na maua kunyauka, wafanyakazi huacha kumlisha. Humsukuma hadi mlangoni, humng'ata mabawa, humburuta nje, naye asiye na mwiba hana cha kujitetea. Asubuhi huonekana chini ya mwatu madume kadhaa yakitambaa vumbini. Wanaoyaburuta ni dada zao kwa mama, na kila mmoja wa dada hao ana baba.